Safari Isiyo na Mwenyeji

Katika mji wa Shanghai, ambao wakazi wake wamezidi milioni 24, iko bustani kubwa ya starehe iliyofunguliwa tarehe 16 Juni 2016. Ni mali ya kampuni ya Disney ya Marekani kwa ushirika na shirika la umma la mji huo. Ndani yake limo jumba lililojengwa kwa mfano wa hekalu la kale la wanajimu, na mbele ya jumba hilo watu husimama mstarini kwa saa nzima, pengine kwa saa mbili na zaidi, ili wapate starehe ya dakika chache tu. Wakisha kuingia huketishwa katika safu tatu za viti na kufungwa mikanda. Taa huzimwa. Viti huinuliwa, safu moja ikapanda juu ya nyingine, miguu ya watu ikabaki inaning'inia pasipo sakafu. Na mbele yao hufunuka pazia la sinema lililopinda kama kuba, pana kupita upeo wa macho. Hapo wakubwa kwa wadogo hupiga kelele za furaha, kwani wameanza kuruka.

Huruka juu ya kilele cha Matterhorn, wakapita penye barafu za Greenland, wakaingia bandari ya Sydney, wakazunguka ngome ya Neuschwanstein huko Ujerumani. Mara huwa wako Afrika, chini ya Kilimanjaro. Kutoka hapo ni Ukuta Mkuu wa China, piramidi za Misri, Taj Mahal, majabali mekundu ya Monument Valley, visiwa vya Fiji, maporomoko ya Iguazu na mnara wa Eiffel. Na mwisho ni Shanghai yenyewe, na taa zake. Upepo huvuma usoni kutoka katika mashine. Harufu hunyunyizwa kwa wakati wake: waridi penye Taj Mahal, bahari penye Fiji, na nyasi penye Afrika. Kisha viti hushushwa, mikanda hufunguliwa, na watu hutoka nje wakielezana walikokwenda.

Neno hilo, walikokwenda, ndilo lenye ubishi. Hapana aliyekwenda popote. Wenye majumba haya, ambayo sasa yametapakaa katika miji mingi ya dunia, hawakuridhika kuuza sinema iliyo nzuri, huuza safari. Hutumia jina la safari, huahidi faida za safari, na watu wengi wenye akili timamu hurudia maneno yao bila ya kuyapima. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba kitu hicho si safari, wala si safari ndogo, wala si mwanzo wa safari. Na kwamba mlima Kilimanjaro, kwa jinsi unavyoonyeshwa humo, umedhulumiwa.

Yafaa kwanza kusema kweli juu ya ustadi wa mtambo wenyewe, maana hapana faida ya kushindana na kitu kwa kukidharau. Mtu huutambua mwendo kwa macho, na tena kwa vifereji vidogo vyenye maji vilivyomo ndani ya sikio. Pazia likiyajaza macho yote hata yasione ukuta wala dari, na kiti kikainamishwa kidogo wakati ule ule picha inapoinama, akili hupokea ushahidi wa mashahidi wawili wanaoafikiana, nayo hukata hukumu kwamba mwili unakwenda. Mark Sumner, mhandisi wa Disney, alipoufikiria mtambo huu katika miaka ya 1990 alitengeneza mfano wake wa kwanza kwa vipande vya chuma vya mchezo wa watoto, vile vya kuunganishwa kwa skrubu. Jumba la kwanza lilifunguliwa California mwaka 2001, na wakati huo lilionyesha jimbo la California peke yake. Filamu ya dunia nzima ilikuja mwaka 2016. Ni kazi ya ufundi mwingi. Hata hivyo ufundi una mipaka yake: mtu aliyepangiwa kiti cha pembeni huuona mnara wa Eiffel umepinda kama mnazi uliozoea upepo wa kaskazi, kwa sababu pazia ni kuba na picha imenyooka kwa yule tu aketiye katikati. Msafiri halisi hakuti mnara uliopinda kwa sababu ya mahali alipopewa kukaa.

Wala wazo hili si geni. Mwaka 1905 katika mji wa Kansas City, George C. Hale, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha zimamoto, alifungua ukumbi uliofanana na behewa la gari la moshi. Watu waliketi ndani, behewa likatikiswa, na mbele yao ikaonyeshwa sinema iliyopigwa kutoka mbele ya garimoshi lililokuwa likienda. Walilipa, wakatikiswa, wakashuka pale pale walipopandia. Mchezo huo ulienea Amerika na Ulaya kwa miaka michache, kisha ukafifia. Ladha yake ilikuwa kama ya muwa: mtu hutafuna mara moja.

Lakini habari iliyo na mafunzo zaidi ni ya Edwin Link. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda huko Binghamton, katika jimbo la New York, na Link alikulia katikati ya mivukuto na mabomba ya upepo. Alitaka kujifunza urubani, akaona gharama yake ni kubwa. Basi akachukua mivukuto ya vinanda, akaiweka chini ya kisanduku kilichokuwa na kiti, usukani na mbawa fupi, akapata chombo kilichoinama na kugeuka kama ndege hali kimesimama chumbani. Hayo yalikuwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Wanunuzi wake wa kwanza hawakuwa majeshi wala shule za urubani. Walikuwa wenye bustani za michezo, ambao walikiona kuwa kitu cha kuchezea. Hali ilibadilika mwaka 1934. Jeshi la anga la Marekani lilipewa kazi ya kuchukua barua, na marubani wake, ambao hawakuzoea kuruka katika giza na ukungu kwa kutegemea vipimo peke yake, walianguka na kufa mmoja baada ya mwingine. Ndipo jeshi lilipokwenda kwa Link likanunua masanduku sita. Katika Vita ya Pili ya Dunia maelfu ya masanduku hayo yalifundisha mamia ya maelfu ya wanaanga.

Watetezi wa majumba ya kuruka hupenda kuitaja nasaba hii. Husema: huo mtambo mnaoubeza ni ndugu wa ule unaofundisha marubani hata leo, na ikiwa rubani aweza kujifunza kuruka pasipo kuondoka chini, kwa nini mtu mwingine asiweze kujifunza dunia pasipo kuondoka mjini mwake? Swali ni zuri na lastahili jawabu.

Jawabu limo katika usukani. Ndani ya sanduku la Link mwanafunzi aliushika usukani mkononi. Akikosea, chombo kilimwonyesha kosa lake. Akirudia kukosea, mwalimu aliyeketi mezani kando alimsahihisha. Sanduku lilikuwa na thamani kwa sababu ndani yake mtu aliweza kuanguka asife, na akiisha kuanguka mara kumi akawa amejua. Katika jumba la Shanghai usukani umeondolewa. Mtu hawezi kukosea njia, hawezi kuchelewa, hawezi kuchagua kushoto wala kulia, hawezi kukaa Fiji zaidi kwa kuwa imempendeza. Hawezi kuanguka, kwa hiyo hawezi kujifunza. Kilichobaki cha sanduku la Link ni ile mivukuto tu. Kwa Kiswahili, tangu kabla ya ndege kuzuliwa, rubani ni yule ajuaye miamba na mikondo, apandaye chomboni akakipitisha mlangoni mwa bandari. Jina lake ni jina la maarifa. Chombo cha Shanghai hakina rubani wala hakimhitaji, maana hakuna mwamba mbele yake.

Basi ni juu ya mtu huyu asiyeweza kukosea kwamba mlima Kilimanjaro unaonyeshwa, na hapa ndipo jambo linapokuwa zito.

Katika filamu hiyo mlima waonekana na theluji kileleni, na mbele yake uwanda wa nyasi, na katika nyasi kundi la ndovu likienda. Basi. Hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna moshi wa jikoni, hakuna mtu. Jina la Tanzania hutajwa na wale waandikao maelezo ya mchezo huo. Lakini picha ya ndovu mbele ya Kibo, kama wapigapicha wote wajuavyo, aghalabu hupatikana upande wa kaskazini, katika nyika ya Amboseli, ambayo imo Kenya. Hilo ni dogo. Mipaka haikuchorwa na ndovu. Kubwa ni lile lililofichwa. Mtu akiukabili mlima kutoka kusini au mashariki, hakuti uwanda mtupu. Hukuta vihamba vya Wachagga vikipanda mteremko toka Machame hata Marangu na Rombo, migomba juu ya mibuni, ng'ombe zizini, nyumba karibu na nyumba, na kati ya vihamba mifongo, ile mifereji ambayo wenyeji waliichimba tangu zamani kuyateremsha maji ya mlima hata mashambani, na kugawana zamu zake kwa sheria zao wenyewe. Wasafiri wa karne ya 19 waliiona mifereji hiyo wakastaajabu. Ni mojawapo ya sehemu za Tanzania zenye watu wengi kwa kila maili ya mraba. Wakulima wake wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika, kile cha K.N.C.U., kikaandikishwa mwaka 1933, wakati nchi ingali chini ya Waingereza. Na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alikuwa juu ya kilele akiwasha mwenge na kusimamisha bendera ya nchi iliyokuwa ikipata uhuru saa ile.

Mlima huo wa vihamba, mifongo, ushirika na mwenge haumo katika filamu. Uliomo ni mlima wa ndovu.

Mtu atasema kwamba filamu ya dakika tano haiwezi kuonyesha kila kitu. Na kwamba Matterhorn nao umeonyeshwa bila ya Waswisi, na Iguazu bila ya wakazi wa mpaka wa Ajentina na Brazili. Ni kweli. Lakini tazama mizani kwa jumla yake. Ulaya ina Matterhorn, lakini ina Neuschwanstein na Eiffel vile vile. Asia ina Ukuta Mkuu na Taj Mahal na mnara wa Shanghai. Afrika ya kaskazini ina piramidi, ambazo wajenzi wake walikufa miaka elfu nne na zaidi iliyopita. Afrika yote iliyo kusini ya jangwa la Sahara, yenye nchi zaidi ya arobaini, imepewa sekunde chache, na katika sekunde hizo haikuonyeshwa jiwe hata moja lililowekwa na mkono wa mtu juu ya jiwe jingine. Mtoto wa miaka saba akitoka katika jumba lile atakuwa amejifunza, pasipo kuambiwa neno, kwamba mahali pengine watu hujenga na mahali pengine ndovu hupita. Fundisho la namna hii ni gumu kulifuta kuliko lililosemwa, kwa sababu lisilosemwa halina pa kushikwa.

Na kama kwamba hayo hayatoshi, jumba lenyewe la Shanghai limezungushiwa hadithi ya kabila la kubuniwa, Waarbori, ambao ati ndio waliolijenga, na mganga wao ndiye awageuzaye wageni kuwa ndege mkubwa wa jamii ya tai ili waweze kuruka. Kampuni iliweza kufanya taabu ya kubuni kabila zima, na kulipa jina, na desturi, na mganga, na mahekalu. Makabila yaliyoko kweli chini ya mlima ulioko kweli hayakupata hata kivuli kimoja kipitacho shambani. Ni ajabu ya dunia kwamba watu wasiokuwako wamepewa nyumba na watu walioko wamenyimwa.

Yako mengine ambayo picha inayaficha, na haya hayahusu heshima bali elimu. Wataalamu waliopima barafu ya Kilimanjaro wamethibitisha kwamba zaidi ya sehemu nane katika kumi ya ile iliyokuwako mwaka 1912 imekwisha. Mtu asafiriye kwa miguu hulikuta jambo hili limemkabili. Viongozi wa mlima walio wazee humwonyesha kwa kidole mahali barafu ilipofikia walipokuwa vijana. Mtazamaji wa Shanghai huuona weupe, akaupenda, akaenda zake kula. Tena mlima una urefu wa mita 5,895, na kileleni hewa ni nyepesi hata kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni ipatikanayo pwani. Mpandaji hupita mashamba, msitu wa mvua, vichaka, jangwa la mawe na barafu, kwa muda wa siku tano mpaka nane, akiumwa kichwa, akitafuna chakula kisichoshuka. Kwa nini hayo yahesabiwe kuwa sehemu ya kuujua mlima? Kwa sababu ndiyo mlima. Urefu ambao haukumsumbua mtu kifuani ni tarakimu.

Hapa ndipo inapofaa kukumbuka jinsi habari za mlima huu zilivyofika Ulaya. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliondoka karibu na Mombasa akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyeijua njia ya bara. Alipouona weupe kileleni alimwuliza kiongozi wake ni nini, naye akajibu kwa neno alilokuwa nalo: baridi. Hakuwa na neno la theluji, lakini alikuwa na habari ya kweli, iliyotoka kwa watu waliofika karibu na kitu chenyewe. Rebmann akafahamu. Akaandika, na huko London mtaalamu mmoja wa ramani, Desborough Cooley, ambaye hakupata kuitembelea nchi hii, akaikataa theluji ile kwa miaka mingi na kuandika vitabu dhidi yake, maana haikupatana na ramani iliyokuwa kichwani mwake. Mambo yamegeuka sasa: Cooley aliketi kitini akakataa kilichoko, mtu wa Shanghai huketi kitini akasadiki kisichoko. Kiti ni kile kile. Tofauti yao na Rebmann si uzungu wala uchina, bali ni Bwana Kheri. Rebmann alikuwa na mtu wa kumwuliza.

Safari ni hilo. Waswahili walipokwenda ugenini waliandika habari za watu. Selim bin Abakari, mwishoni mwa karne ya 19, alifuatana na Mjerumani mmoja mpaka Urusi na Siberia, na habari zake zilizopigwa chapa na Carl Velten mwaka 1901 zimejaa watu: wanavyokaa, wanavyokula, wanavyofanya kazi, wanavyomtazama yeye mgeni kama yeye anavyowatazama wao. Kutazamwa huko ndiko kunakokosekana katika jumba la mwigo. Shaaban Robert alipotunga habari za Kusadikika, nchi iliyo angani, aliwatuma wajumbe katika pande zote, na kila mmoja alirudi na elimu aliyoilipia kwa mateso; hata katika nchi ya kusadikiwa tu, mwandishi huyo hakuona njia ya kupata elimu ya ugenini pasipo gharama. Na mithali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ambayo watu huitaja kwa mzaha, imebeba maana nzito kuliko mzaha: mgeni hageuki kuwa mjuzi wa nyumba mpaka mwenyeji amtie kazini. Katika jumba la Shanghai hakuna siku ya tatu. Hakuna hata salamu ya kwanza.

Hoja moja ya watetezi ni ya huruma, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Wako wazee ambao magoti yao yamekwisha, wako viwete, wako watu wa mishahara midogo ambao hawatapanda ndege maisha yao yote. Kwa nini wanyimwe furaha hii? Wasinyimwe. Hapana mtu mwenye moyo atakayekwenda kumshusha mzee kitini. Lakini hoja hii hujidai zaidi ya haki yake. Kiingilio cha bustani ile si cha maskini, na umati uliomo mstarini ni wa watu wenye miguu mizuri waliokuja na watoto wao. Tena, kama kweli jumba limejengwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kwenda, basi huyo ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kuonyeshwa ukweli, kwa kuwa hana njia ya pili ya kuusahihisha uwongo. Mwenye miguu aweza kufika Moshi akajionea migomba. Mzee wa magoti atakufa na ndovu wake.

Wengine husema kwamba afadhali watu waruke mjini kuliko kujazana mlimani na kuuchafua. Kwa Venice huenda hoja hiyo ikawa na uzito. Kwa Kilimanjaro, maelfu ya wapagazi, wapishi na viongozi hula kwa mlima ule. Mpagazi ambaye sheria ya hifadhi imemwekea kikomo cha kilo 20 begani, na ambaye pengine hubebeshwa zaidi, ana magomvi yake ya haki na wenye makampuni; lakini ana ujira, na ana neno la kusema na mgeni njiani. Mtu aliyeketi Shanghai hampi ujira wala hasikii neno.

Kisha kuna wale wasemao: huu ni mchezo tu, wasomi wauache. Laiti wenyewe wangeuita mchezo! Wakati wa kuuza kiingilio huwa ni safari ya kuizunguka dunia. Wakati wa kujibu hoja huwa ni mchezo.

Kwa watu wa Shanghai jambo hili lina uchungu wa pekee, ijapokuwa wengi wao huenda wasiutambue. Kati ya mwaka 1970 na 1975 mafundi na vibarua wa China, maelfu kwa maelfu, walifanya kazi pamoja na Watanzania na Wazambia kujenga reli ya TAZARA, urefu wake kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Walilala katika mahema ya Mlimba na Makambako, wakapasua milima, wakajifunza maneno ya Kiswahili ya kutosha kugawana kazi na sigara. Makumi yao walifia huku, na makaburi yao yako Gongo la Mboto. Redio ya Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1961. Yaani wako wazee nchini China ambao wanaijua Tanzania kwa viganja vya mikono yao. Wajukuu wao wakitaka kuijua, huinuliwa juu ya kiti, wakapulizwa na feni, wakanusishwa nyasi. Babu alifika mahali akakuta watu. Mjukuu amefikishwa mahali pale, watu wameondolewa.

Na kwa vyuo vya Afrika ya Mashariki, jambo hili si la kutazamwa kwa mbali kama mchezo wa watu wengine. Mitambo hii hushuka bei kila mwaka. Siku itafika ambapo jumba la namna hii litafunguliwa Nairobi au Dar es Salaam, na watoto wa shule watapelekwa kwa mabasi kuutazama Kilimanjaro, ilhali wengine wao waweza kuuona asubuhi isiyo na mawingu wakiwa wamesimama uani kwao. Nani atakuwa amepiga filamu hiyo? Idara za jiografia, za historia na za sanaa zina watu waijuao mifongo na zamu zake, walioandika tasnifu juu ya vihamba na juu ya barafu. Tasnifu hizo zimelala makabatini. Kama hazitatoka huko zikawafikia wapigapicha, picha itakayoonyeshwa itakuwa ile ile ya ndovu, tena kwa sauti ya Kiswahili fasaha, na watoto wataisadiki kwa kuwa imesema lugha yao.

Wala isidhaniwe kwamba mambo haya hayabadiliki kwa kuwa mwenye filamu ni tajiri na yuko mbali. Filamu ya mwaka 2001 iliondolewa ikawekwa nyingine. Na hii iliyowekwa haina mwisho mmoja: anayeruka Shanghai hutua juu ya Shanghai, anayeruka California hutua juu ya bustani ya California, anayeruka Florida hutua juu ya bustani ya Florida. Wenye kazi waliona kwamba kila mteja hupenda kuuona mji wake mwishoni, wakakata na kuunga kwa kila mahali. Aliyeweza kukata na kuunga hivyo ili kumpendeza mnunuzi, aweza tena. Sekunde kumi zatosha: ndege ishuke kidogo upande wa kusini, ipite juu ya migomba ya Marangu wakati wa asubuhi, na chini yake mama mmoja awe amesimama kwenye mfongo na jembe mkononi, akifungua maji, akiinua uso kuitazama ndege.